Kitambaa Ambacho Sikukikata

Siku ya arobaini ya Mama Zaina, baada ya dua na baada ya sahani kuondolewa, binti yake Asha alinishika mkono akanipeleka chumba cha ndani na kunikabidhi kifurushi kilichofungwa kwa gazeti. "Mama Anto, mama alisema hii iko yako," aliniambia. "Alisema weye utajua." Nilikifungua nikiwa nimesimama. Ilikuwa suruali ya kaki, ya kiume, nzito, iliyofuliwa na kupigwa pasi mpaka magoti yakaanza kung'aa. Miwani yangu ilikuwa ndani ya mkoba, lakini sikuihitaji. Niligeuza kiuno cha suruali ndani nje, nikapitisha kidole juu ya mshono wa nyuma, kisha nikaketi juu ya kitanda cha marehemu nikalia bila aibu. Asha alidhani namlilia mama yake, naye akaketi kando yangu akalia. Nilikuwa namlilia mama yake, ndiyo, lakini nilikuwa nalia pia kwa furaha, na siku ile sikuwa na nguvu ya kumweleza. Asha alizaliwa miaka miwili baada ya mwaka ninaotaka kuusimulia. Kama mwaka ule ungeisha vibaya, asingekuwapo wa kunishika mkono.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, katikati ya miaka ya hamsini. Kwenye bahasha za barua mji uliitwa Stanleyville, lakini midomoni mwetu ulikuwa Kisangani tangu zamani. Nilijifunza kushona kwa masista, mashati ya watoto na vitambaa vya meza vyenye maua, mambo ya kumfurahisha sista na si ya kumlisha mtu. Aliyenifanya fundi ni Papa Ramazani, mtu wa Kasongo, Mwislamu mwenye ndevu fupi na sigara isiyozimika, ambaye alikuwa na mashine mbili za kushona kwenye baraza ya nyumba yake. Alinichukua mimi, msichana wa Kikristo, kwa sababu moja tu: wake wa Waislamu wenzake walitaka kushonewa libaya, yaani blauzi za kitenge, zinazokaa vizuri kiunoni, na waume zao hawakutaka mkono wa mwanaume upite kwenye kiuno hicho na utepe. Kwa hiyo utepe wa kupimia, ambao sote tuliuita metre, ukawa shingoni mwangu. Siku ya kwanza alinipa sharti la kazi kabla hajanipa sindano. "Mutu akikuja kupimwa," alisema, "kile umeona kwa mwili yake hautasema inje. Mwenye mimba, mwenye kukonda, mwenye kidonda. Hata kwa mama yako. Siku utasema, utatoka kwa hii baraza." Nililishika sharti lile kuliko nilivyoshika katekisimu. Nilijua mimba za mtaa mzima kabla ya wenye mimba kuziambia nyumba zao, na nilikaa kimya, nikijisikia mtu mkubwa kweli.

Tulikula pamoja kila mchana, Papa Ramazani kwenye kiti chake, mkewe Mama Zaina na mimi kwenye mkeka. Mama Zaina alikuwa bado kijana, na kwa mapishi sijaona mfano wake: wali uliokauka vizuri, sombe, yaani majani ya muhogo, iliyopikwa na mawese mpaka mafuta yakapanda juu, samaki wa mto. Papa Ramazani alikuwa akiisukuma sombe pembeni kwa ncha ya kidole. Yeye alitaka nyama ya kukaushwa kwa moshi, iliyoletwa kutoka msituni, kila siku ya Mungu. "Majani iko ya mbuzi," alikuwa akisema, na Mama Zaina alikuwa akijibu, "Bon, mbuzi hawakufe na tumbo sawa kaka yako." Hapo mzaha ulikuwa unakatika. Kaka yake Papa Ramazani alifia Kasongo, tumbo limevimba na choo kimefunga, akiwa hajafikisha miaka hamsini. Papa Ramazani alikuwa akitamka jina lake, akiwasha sigara nyingine na kurudi kwenye mashine, ambako alikaa kutoka asubuhi mpaka jua linapokwisha bila kunyoosha miguu. Yote hayo niliyasikia nikitafuna. Sikujua kwamba siku moja nitaulizwa.

Mwezi wa Ramadhani ulipokwisha, alinipa suruali yake ya kaki akaniambia niipunguze kiuno sentimeta nne. Nilimpima juu ya shati, yeye akiangalia barabarani. "Saumu," alisema. Niliamini, maana hata Mama Zaina alikuwa amepungua, nikashona bila kukata kitambaa kilichozidi, nikijua mwili wa saumu hurudi. Lakini Mama Zaina alirudisha mwili wake kwa wiki mbili, naye Papa Ramazani hakurudisha kitu. Alianza kuinuka kwenye mashine mara nyingi, akipita nyuma ya nyumba kwenda chooni, na kurudi upesi na uso wa mtu aliyeitwa bure. Siku nyingine hakwenda kabisa, siku tatu, siku nne, kisha tumbo likamwendesha siku nzima. Alitandika kitambaa cheusi juu ya kiti chake. Mimi, fundi hodari wa kunyamaza, nilijiambia kwamba kitambaa cheusi hakionyeshi uchafu.

Ukweli niliusikia kupitia ukuta wa jikoni. Mama Zaina alikuwa anaongea na jirani yake, mama mmoja mwenye sauti ya kuitia mtumbwi ng'ambo ya mto hata anaponong'ona. "Damu inatoka," Mama Zaina alisema. "Kwa choo. Tangu siku nyingi." Jirani hakusita hata kidogo. "Iko kintuntu. Anakunywa chai na sukari ngapi? Vijiko ine? Alors!" Kwetu kila ugonjwa wa sehemu ile una jina hilo moja, kintuntu, yaani bawasiri, na kila mtu anajua chanzo chake: sukari. Dawa nayo kila mtu anaijua. Unaondoa sukari kwenye chai, unatwanga tangawizi na pilipili, unachuja maji yake na kuyaingiza njia ya haja kubwa kwa lile bomba dogo la mpira linalotundikwa nyuma ya mlango katika kila nyumba. Mama Zaina aliniita nikamsaidie kutwanga. Nilitwanga. Nasema hivi waziwazi, kwa sababu kwa miaka mingi niliposimulia habari hii niliiruka sehemu hiyo. Nilitwanga kwa bidii, nikaongeza pilipili kwa kutaka apone haraka, na kesho yake niliona Papa Ramazani ameshika ukingo wa mashine kwa mikono miwili, jasho likitiririka mpaka ndevuni, na hakuna aliyemuuliza kitu.

Alinipa suruali mara ya pili. Sentimeta tano. Safari hii hakutaja saumu. Kazi ya kupunguza kiuno ni rahisi: unafumua mshono wa nyuma, unaingiza kitambaa ndani, unashona upya, kisha unakata kinachozidi ili kisifanye kifundo mgongoni. Nilishona, lakini nilipochukua mkasi mkono ulikataa. Nilikikunja kile kitambaa pande mbili, nikakilaza kwa mishono mirefu ya mkono, nikapiga pasi. Papa Ramazani aliivaa, akaketi, akajipapasa nyuma. "Anto, umeacha kitambaa ndani. Kata." Nikamjibu, "Nitakata kesho, Papa." Akasema fundi anayeacha kitambaa ndani ni muvivu, nami nikakubali kuwa mvivu. Alipoileta mara ya tatu, mvua kubwa zikiwa zimeanza, nilizungusha metre kiunoni mwake na mkono wangu ukapita mahali ambapo zamani palikuwa na mtu. Sentimeta sita. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Kwa jumla nilikuwa nimeondoa sentimeta kumi na tano kwa mtu ambaye alikula nyama kila siku. "Safari hii ukate," aliniambia bila kunitazama. "Haitarudi." Hakuwa anazungumza juu ya suruali tena, na sote wawili tulijua. Sikukata.

Wiki ile alikuja Tonton Gabrieli, muuguzi wa hospitali, kuchukua koti lake jeupe. Alikuwa mteja wetu wa siku nyingi, mtu mpole mwenye tabia ya kukagua kila tundu la kifungo. Papa Ramazani alikuwa nyuma ya nyumba, safari yake ya nne tangu asubuhi. Nilimvisha Tonton Gabrieli koti, nikajifanya napima mkono wake, nikamwambia kwa sauti ndogo, "Tonton, mutu akipungua sentimeta kumi na tano kwa mwaka moja, na damu inatoka kwa choo, iko kintuntu?" Aliacha kutazama vifungo. Hakuuliza ni nani. Aliuliza mambo mengine, taratibu, kama mtu anayetembea kwenye utelezi. Ana miaka ngapi? Karibu hamsini. Choo yake imebadilika? Ndiyo, mara inafunga, mara inaharisha, tangu miezi. Akitoka huko anasikia bado haijaisha? Nilikumbuka uso wa mtu aliyeitwa bure, nikasema ndiyo. Anachoka? Anasinzia juu ya mashine. "Na kwa jamaa yake, kuna mwenye alikufa na tumbo?" Nikasema, "Kaka yake, Tonton. Kule Kasongo." Tonton Gabrieli alivua koti akalikunja vizuri. "Musimuingizie kitu tena kwa ile bomba," alisema. "Hata maji. Inaweza kuwa kintuntu, watu wengi iko nayo. Mais mutu hawezi kujua na macho tu. Munganga wa hospitali anapaswa kumuangalia. Na upesi."

Alirudi jioni hiyohiyo, akaketi na Papa Ramazani kwenye baraza wakati mimi nafunika mashine. Hakulitaja jina langu. Alizungumza juu ya hospitali, juu ya daktari mpya wa Kibelgiji mwenye mikono mizuri, juu ya umri. Papa Ramazani alisikiliza mpaka mwisho, akamsindikiza kwa heshima mpaka barabarani, akarudi, akanyoosha kiganja. "Metre," alisema. Nilivua metre shingoni nikampa. "Nani alimuambia? Hii metre iko na miguu? Ilijipeleka yenyewe kwa hospitali?" Nilianza kukunja upya kifuniko cha mashine. "Mwili yangu umeuza," alisema, na sauti yake haikuwa kubwa, ndiyo maana iliniumiza. "Nilikuambia siku ya kwanza. Toka." Nilitoka. Nilikwenda nyumbani nikiwa na hasira naye, na hasira na mimi, na sindano moja bado imechomekwa kwenye kola ya gauni langu. Siku nane sikushona kitu. Mama yangu aliniuliza nilichofanya, nikamwambia niliharibu kitambaa cha watu. Hata hapo sikulivunja sharti mara ya pili.

Siku ya tisa Mama Zaina alisimama mlangoni kwetu, amelowa mvua, bila mwavuli. Nilidhani amekuja kuniambia tumefiwa. Alikuja kuniambia kwamba Papa Ramazani, baada ya kunifukuza, alikaa usiku wote na metre mkononi, na alfajiri akajipima mwenyewe, peke yake, kisha akamwamsha akamwambia waende hospitali. Daktari alimwingiza kidole, akampiga picha ya tumbo, akasema kuna uvimbe kwenye utumbo mkubwa, sehemu ya chini kushoto, ambao bado haujaziba njia. Wapasue sasa. Wakichelewa, utaziba kama ulivyoziba wa kaka yake. "Mais anakataa," Mama Zaina alisema, na hapo ndipo alipoanza kulia. "Munganga anasema watafungua tundu kwa tumbo, choo itapitia pale miezi mitatu, mpaka mushono ya ndani ikauke, kisha watafunga. Yeye anasema, nitaswali namna gani? Mutu mwenye kutoka uchafu kwa tumbo anasimama namna gani mbele ya Mungu? Anasema heri kufa musafi." Nilikuwa Mkristo, sikuwa na la kusema kuhusu sala yake. Nilimuuliza tu kama mwalimu wa msikiti anajua. Mama Zaina aliniangalia kama vile sijafikiri vizuri. Hakuna aliyemwambia mwalimu. Nani angemwambia mwalimu habari za choo?

Tulikwenda wote wawili. Mwalimu alikuwa mzee mkavu, aliyejulikana kwa ukali wake juu ya viatu na udhu, na nilisimama uani nikiwa nimevua viatu. Alimsikiliza Mama Zaina bila kuinua macho, kisha akachukua kofia yake na kutuambia tumfuate hospitalini. Huko alisimama kando ya kitanda cha Papa Ramazani, katika ukumbi wenye wagonjwa ishirini, akasema kwa sauti ambayo wote ishirini waliisikia: "Ramazani, mgonjwa ambaye hawezi kuzuia kinachomtoka anajisafisha, anatawadha kila wakati wa sala ukiingia, anasali. Basi. Mungu anajua tumbo yako kabla ya munganga. Sasa utaacha wakupasue, ao utamwachia huyu mama ujane juu ya aibu?" Papa Ramazani aligeuza uso ukutani. Akiwa ameelekea huko alisema, "Nitahitaji mukaba." Nilielewa kabla ya Mama Zaina: mkanda wa kufungia lile tundu. Alikuwa anazungumza na mimi. Alikuwa anaagiza kazi.

Mkanda ule ndio kazi niliyoishona kwa makini kuliko zote maishani mwangu. Tonton Gabrieli alinichorea mahali tundu litakapokuwa. Nilitumia kitambaa kizito cheupe, ndani nikaweka kipande cha kitambaa cha mpira cha kufunikia meza, na mfuko mdogo wa kutolewa na kuoshwa, kamba zikifungwa pembeni ili mtu aweze kulala. Nilishona mikanda mitatu, mmoja avae, mmoja ufuliwe, mmoja ukauke. Alipopasuliwa tulikaa nje, Mama Zaina na tasbihi yake, mimi na rozari yangu, tukigawana muhogo wa kuchemsha, na kila mlango ulipofunguka tuliacha kutafuna. Siku ya tano niliruhusiwa kuingia. Alikuwa mwembamba, ana harufu ya dawa, na macho yake yalikuwa macho yake ya zamani. Alivuta mkanda kutoka chini ya shuka, akaugeuza, akaukagua. "Huu mushono," alisema, "iko ya mutu mulevi." Kisha akatoa metre chini ya mto wake, akanivisha shingoni kwa mikono yake miwili. Hakuomba msamaha, nami sikumwomba. Nililia mpaka mgonjwa wa jirani akanipa kitambaa chake.

Leo mjukuu wangu, ambaye ni muuguzi, ananieleza yale ambayo Tonton Gabrieli aliyauliza kwenye baraza, ila kwa maneno ya kisasa: kwamba ugonjwa huu, saratani ya utumbo mkubwa, hupenda kufuata damu ya ukoo, na hupenda zaidi watu walioanza kukaribia uzee, na kwamba sigara, nyama ya kukaushwa kila siku, sahani isiyo na majani na kukaa kutwa nzima vinaufungulia mlango. Ananiambia pia, na hili nalipenda, kwamba ukiwahiwa mapema mtu hupona. Mimi sina elimu yake, nina mdomo tu. Harusini, matangani, sokoni, nikiona mtu anavuta mkanda wa suruali tundu la ndani zaidi na hajafunga wala hajaugua, nauliza habari za choo chake. Wanangu wanaona haya. Wananiambia, "Mama, si mbele ya chakula." Nami nawaambia kwamba nilikwisha kunyamaza mbele ya chakula mwaka mzima, chakula kizuri sana, na palibaki kidogo tu tumzike mwenye nyumba kwa adabu zetu.

Miezi mitatu ikawa minne, wakalifunga lile tundu. Kisha kiangazi kidogo kikapita. Nilikuwa naendesha baraza peke yangu, wateja wakinung'unika kwamba libaya zangu zinachelewa. Papa Ramazani alikuwa akikaa ndani, akila sombe kwa uso wa mtu anayelipishwa faini, na Mama Zaina alikuwa akisimama juu yake mpaka sahani iwe nyeupe. Sigara aliiacha, na hasira ya kuiacha tuliila sisi. Alivaa kanzu tu, siku zote, kwa hiyo sikuwa na njia ya kujua mwili wake unakwenda wapi, na nilijizuia kuuliza, maana nilikuwa nimerudishiwa metre na sikutaka kuipoteza tena. Asubuhi moja alitoka nje akiwa amevaa kanzu, suruali ya kaki mkononi. Aliitupa juu ya mashine yangu. "Haiingii," alisema. Nilimtazama. "Inanibana, nakuambia. Haifunge. Na weye ulikata kitambaa, nilikuamuru mwenyewe. Donc sasa nitavaa nini?"

Niligeuza kiuno ndani nje, nikachukua wembe, nikafumua mishono mirefu ya mkono, na kitambaa kikaanza kutoka, mkunjo baada ya mkunjo, rangi yake bado nzito kwa sababu hakikuwahi kuona jua. Papa Ramazani, fundi wa miaka thelathini, aliinama akakishika kati ya vidole viwili. Mama Zaina alitoka jikoni na mwiko mkononi kuangalia kwa nini baraza imenyamaza. "Muvivu," Papa Ramazani aliniambia mwishowe, na sauti yake ikakatika katikati ya neno. Kisha akainua mikono yake pembeni kama mteja yeyote, akanipa kiuno chake, akasema, "Pima."

Kwenye chumba cha marehemu, Asha akiwa bado ananishika bega, nilihesabu kwa kidole njia za sindano nilizofumua. Zilikuwa tatu, moja kwa kila mara niliyoipunguza, na matundu yake yanaonekana mpaka leo. Kitambaa chote kipo.